Picha ya mishipa ni safi, mbona kifua bado chabana?

Swali

Assalam alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Langoni, Lamu. Nina sukari, huu mwaka wa tisa, na presha naimezea vidonge. Tangu mwaka jana, nikipanda ngazi za nyumbani na ndoo au kapu la sokoni, kifua chabana kama nimefungwa leso kwa nguvu na pumzi yakatika. Nikikaa kitako hupoa, lakini polepole. Mara nyingine hunijia usiku nimelala. Nilipelekwa Mombasa nikapigwa ile picha ya mishipa ya moyo ya kupitishwa mpira mkononi. Nikaambiwa mishipa ni safi, moyo hauna neno, ni gesi na wasiwasi. Sasa nyumbani wengine wasema ni jini, wengine wasema najidekeza. Mwanangu ataka nihamie chini nisipande ngazi tena. Je, yawezekana mishipa ikawa safi na moyo ukawa mgonjwa? Au ni mimi ninayejizulia?

Jibu

Wa alaykum salaam dada yangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. La, hujizulii. Mishipa mikubwa ya moyo yaweza kuwa safi kabisa kwenye picha na bado nyama ya moyo ikawa inakosa damu ya kutosha unapopanda ngazi. Ugonjwa huo una jina: anjaina ya mishipa midogo. Mimi nimeushughulikia kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi. Sijakupima, kwa hivyo siwezi kukwambia kwamba unao. Ninaloweza kukwambia ni kwamba ulivyoeleza kunafanana nao sana, na kwamba picha uliyopigwa haina uwezo wa kuukanusha.

Nieleze kwanza picha yenyewe iliona nini. Ule mpira mwembamba ulipitishwa mkononi hadi mlango wa mishipa ya moyo, ikamiminwa dawa ya rangi, na eksirei ikapiga picha rangi ikienda. Inayoonekana hapo ni ile mishipa mikubwa inayotambaa juu ya moyo, yenye upana wa milimita 3 au 4 inapoanzia, na matawi yake. Kila inapogawanyika inapungua. Ikifika kama nusu milimita, macho ya mashine hiyo yanakomea hapo. Lakini safari ya damu haijakomea. Bado kuna matawi madogo zaidi, na madogo kuliko hayo, mpaka kapilari zenye upana wa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, ambamo chembe nyekundu za damu hupita moja moja zikijibana. Ndani ya kila milimita ya mraba ya nyama ya moyo mna kapilari zaidi ya 2,000. Huko ndiko oksijeni inakotoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama. Kwa hivyo picha yako ni ya kweli kwa ilichokiona, na sehemu kubwa mno ya mishipa ya moyo wako hakuna aliyeitazama.

Wewe ni mtu wa Lamu, utanielewa upesi. Anayekuja kwa ndege akatazama chini ataona gati, ataona barabara ya pwani, na akibahatika ataona mkato wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Vichochoro haoni hata kimoja, mapaa yamevifunika. Sasa jahazi limeleta saruji, limefunga gati salama, mzigo umeshushwa wote. Je, hilo latosha kusema kwamba fundi aliye ndani kabisa ya mtaa wa Mkomani amepata saruji yake? Punda hawajapita bado, na wakikuta kichochoro kimezibwa na kifusi, fundi atakaa siku nzima mikono mitupu huku gatini watu wakiapa kwamba mzigo umefika.

Mfano wangu unaishia hapo, kwa sababu kuta za vichochoro ni mawe, hazitanuki. Mishipa midogo ni kitu hai. Inatanuka na kujikaza saa zote kulingana na kazi ambayo moyo umepewa, na ugonjwa wako, kama ndio huu, umo kwenye kazi hiyo ya kutanuka.

Kuna jambo moja kuhusu moyo ambalo hata wanafunzi wangu huwachukua muda kulikubali. Viungo vingine vya mwili, kwa jumla, huchukua kama robo tu ya oksijeni inayopita. Nyingine hurudi na damu. Moyo, hata ukiwa umelala, huchukua kama asilimia 70 hadi 80. Kwa hivyo ukianza kupanda ngazi na kapu lako, moyo hauna akiba ya kunyonya zaidi kutoka damu ile ile. Hauna budi kuletewa damu nyingi zaidi. Moyo mzima wa afya unaweza kuongeza mtiririko wake mara tatu, nne, hata zaidi, na mlango wa ongezeko hilo ni mishipa midogo. Inafunguka, damu inamiminika, unafika juu ukitweta kidogo na basi.

Na hesabu ya mabomba ni kali. Daktari mmoja Mfaransa wa karne ya 19, Jean Poiseuille, alipima maji yakipita kwenye mirija myembamba akagundua kwamba upana ukipungua nusu, ugumu wa kupita hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara 16. Kwa hivyo mishipa midogo haihitaji kuziba ili ikutese. Yatosha ishindwe kutanuka ipasavyo wakati moyo unaita.

Kwa nini ishindwe? Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo penye uzuri wote wa utafiti huu, na ndipo sukari yako na presha yako zinapoingia.

Ndani ya kila mshipa mna utando wa seli, tabaka moja tu, mwembamba mno kuuona bila darubini. Kwa miaka mingi wataalamu waliuchukulia kama karatasi ya kufunikia ukuta. Mwaka 1980 Robert Furchgott na msaidizi wake John Zawadzki, kule Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Walivining'iniza kwenye maji ya chumvi, wakavidondoshea asetilikolini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Kipande kimoja kililegea, kingine kikakaza. Kemikali ni ile ile, mnyama yule yule, matokeo yanapingana. Walichunguza hatua kwa hatua namna vipande vilivyotayarishwa, wakaona kwamba vile vilivyokaza vilikuwa vimesuguliwa upande wa ndani, na ule utando ukatoka. Vyenye utando vililegea. Visivyo na utando vilijikaza. Kumbe ule utando unatoa amri! Baadaye ilijulikana kwamba amri yenyewe ni gesi, oksidi ya nitriki, inayovuka kutoka kwenye utando hadi kwenye msuli wa mshipa na kuuambia ulegee. Mwaka 1998 Furchgott alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad kwa jambo hilo.

Sasa jiulize ni nini kinachosugua utando wa binadamu aliye hai. Sukari iliyozidi kwenye damu kwa miaka ni kimoja. Presha ya juu ni cha pili. Moshi wa sigara ni cha tatu, na mafuta mabaya ya damu cha nne. Haviuondoi utando kama kidole cha mtafiti kilivyouondoa, bali vinauchosha hadi utoe amri dhaifu. Na kwa mwanamke kuna la ziada: homoni ya estrojeni huusaidia utando huo kufanya kazi yake, na hedhi ikikoma msaada huo unapungua. Umeniambia una miaka 56. Sikushangaa kwamba dalili zilianza mwaka jana na si miaka 20 iliyopita. Juu ya hayo, presha ya muda mrefu hunenepesha ukuta wa mishipa midogo wenyewe, njia ya ndani ikabaki nyembamba.

Wako pia wenye shida ya namna nyingine: mishipa inatanuka vizuri wakifanya kazi, lakini hushikwa na mkazo wa ghafla bila sababu ya wazi, mara nyingi usiku au alfajiri wakiwa wamepumzika. Uliposema mara nyingine hukujia umelala, hili lilinijia akilini. Mtu mmoja aweza kuwa na shida zote mbili.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenikaa moyoni. Nilipokuwa daktari kijana, alikuja kliniki niliyokuwa nikifanya kazi mama mmoja wa makamo yako, mpishi wa mahamri, analalamika kifua kinambana akikanda unga alfajiri. Picha yake ilikuwa safi. Nikafungua faili nikaandika maneno mawili, nikamwambia kwa uso wa furaha kabisa, "Mama, moyo wako mzima, nenda nyumbani ukapumzike." Nilidhani nampa habari njema. Hakusema kitu. Alikunja leso yake, akaniangalia, akasema, "Basi hiki kinachonibana ni nini?" Sikuwa na jibu, na badala ya kusema sina, nikamwandikia dawa ya tumbo. Hakurudi tena. Tangu siku ile najua kwamba "mishipa mikubwa ni safi" na "moyo hauna neno" ni sentensi mbili. Ya kwanza ilipimwa. Ya pili haikupimwa.

Wala si mimi peke yangu niliyekosea. Mwaka 1967 William Likoff na wenzake wa Marekani waliandika kuhusu wanawake waliokuwa na dalili zote za ugonjwa wa moyo na picha isiyo na kasoro, wakabaki wameduwaa. Mwaka 1973 Harvey Kemp alipotafuta jina la hali hii, aliiita sindromu X, sindromu ikiwa ni mkusanyiko wa dalili. Ilichukua hadi 1988 Richard Cannon na Stephen Epstein kupendekeza jina la anjaina ya mishipa midogo. Kati ya X na jina hilo ni miaka 15, na wagonjwa wengi wa miaka hiyo, wengi wao wanawake, walirudishwa nyumbani na neno wasiwasi.

Kisha ukaja utafiti ulioitwa WISE, ulioanza 1996 Marekani, uliowafuatilia wanawake 936 waliopelekwa kupigwa picha kama yako kwa sababu ya maumivu. Wengi wao hawakuwa na mshipa mkubwa uliobanwa. Katika kundi la 159 kati ya wasiokuwa na kizuizi ambao mishipa yao midogo ilipimwa, karibu nusu walikuwa na mtiririko usioongezeka ipasavyo. Na walipofuatiliwa miaka kadhaa, wale ambao mtiririko wao ulikuwa duni walipatwa na matatizo ya moyo zaidi ya wenzao. Sikwambii hivi nikutishe. Kwa jumla hali hii haina hatari sawa na ya mshipa mkubwa uliokaribia kuziba. Nakwambia ili yule anayesema unajidekeza anyamaze.

Utafiti ambao huwa nautaja kila ninapofundisha ulifanywa Uskoti na Colin Berry, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, na wenzake, ukachapishwa 2018. Unaitwa CorMicA. Waliwachukua watu waliokuja kupigwa picha kwa sababu ya maumivu ya kifua, na kati yao 151 wakakutwa hawana kizuizi. Watu wa hali yako hasa. Wote walipimwa mishipa midogo papo hapo. Waligawanywa kwa kura: nusu yao daktari alipewa majibu ya kipimo akachagua dawa kwa kuyafuata, na nusu nyingine majibu yalifichwa wakatibiwa kwa kukisia, kama inavyofanyika mahali pengi. Baada ya miezi 6, waliotibiwa kwa majibu walikuwa na maumivu machache na maisha bora kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilikuwa ingalipo baada ya mwaka.

Lakini kuna namba nyingine ndani ya kazi ile ninayoipenda zaidi. Katika watu hao 151 wenye picha "safi", karibu 9 katika kila 10 walikuwa na kasoro ya kweli iliyopimika: mishipa midogo isiyotanuka, au mkazo wa mishipa, au vyote viwili. Waliobaki, kama mmoja katika 10, maumivu yao hayakuwa ya moyo, na hao nao walifaidika, kwa sababu waliweza kuachishwa dawa za moyo wasizozihitaji. Kwa hivyo hata kipimo kikikutoa wewe kwamba si moyo, hutakuwa umepoteza kitu.

Nikueleze kipimo chenyewe kinavyokwenda, maana watu hukiogopa kwa kutokukijua. Nilikiona kwa mara ya kwanza nilipokuwa masomoni ng'ambo. Mgonjwa alikuwa mama muuza maua. Mpira ulipita mkononi kama wako, lakini ndani yake ukapitishwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea, wenye kichwa kinachopima presha na joto. Wakampulizia maji ya chumvi ya baridi kidogo, waya ukahesabu yamechukua muda gani kufika. Kisha ikatiririshwa dawa inayoitwa adenosini, inayoilazimisha mishipa midogo itanuke hadi mwisho wa uwezo wake. Mama akasema anasikia joto na uzito kifuani. Wakamwambia litapita dakika chache, na likapita. Wakarudia maji. Mtiririko ulipaswa kuongezeka angalau mara mbili na nusu. Wake uliongezeka mara 1.7. Namba ya pili, inayopima ukinzani wa mishipa midogo, huanza kutia shaka ikifika 25. Yake ilisoma 34.

Baada ya hapo wakampa asetilikolini, ile ile ya sungura wa Furchgott, kidogo kidogo. Kwenye skrini mishipa mikubwa haikubadilika hata kidogo. Lakini mstari wa umeme wa moyo ukaanza kushuka, na mama akafumba macho akasema, "Ndiyo haya. Haya haya." Daktari akamwambia ameona, akampa dawa ya kulegeza, maumivu yakaondoka. Yule mama alilia, na si kwa uchungu. Alikuwa amehangaika miaka sita. Nilimkumbuka mpishi wa mahamri wa kwetu.

Si kila chumba cha kupigia picha ya moyo kina waya huo wala wataalamu wa kuutumia, kwa hivyo ukirudi kwa daktari wa moyo muulize wazi: "Je, mishipa yangu midogo ilipimwa, au ni mikubwa pekee?" Ipo njia isiyoingia mwilini pia, kama eko maalumu, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inayopima mtiririko kabla na baada ya dawa, au picha ya MRI inayopigwa moyo ukiwa umesisimuliwa kwa dawa. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya mwaka 2024 inapendekeza kipimo hiki kwa mtu ambaye dalili zinaendelea ilhali mishipa mikubwa haina kizuizi, kwa hivyo huombi upendeleo. Na kama kipimo hakipatikani karibu, daktari anaweza kuanza kukutibu kwa kufuata dalili na kuangalia unavyoendelea.

Kuhusu matibabu: hakuna stenti, kile kijibomba cha waya cha kutanua mshipa, ya kuwekwa hapa, kwa sababu hakuna mahali pamoja palipobanwa, na mishipa yenyewe ni midogo mno. Kazi inafanywa na dawa na maisha. Kama shida ni mishipa isiyotanuka, mara nyingi tunaanza na dawa za kupunguza kasi ya moyo, jamii ya bisoprololi, ili moyo uhitaji damu kidogo na upate muda mrefu zaidi wa kujaza mishipa yake kati ya pigo na pigo. Kama shida ni mkazo, dawa hizo zinaweza hata kuuzidisha, na zinazofaa ni jamii ya amlodipini au diltiazemu. Unaona kwa nini kujua aina kuna maana. Dawa ya kuweka chini ya ulimi wengine huwafaa na wengine haiwafai sana, kwa hivyo isipokusaidia usione kwamba ni ushahidi dhidi yako. Nyingi ya dawa hizi pia ni za presha, kwa hiyo mwonyeshe daktari vidonge unavyomeza sasa kabla hajaongeza, na muulize kuhusu dawa ya kushusha kolesteroli, ambayo husaidia utando ule pia. Usianze wala usiache chochote kwa maandishi yangu haya.

Sukari na presha ndizo zinazousugua utando wako kila siku, basi hizo ndizo za kuzikabili kwanza. Uliza kipimo cha sukari cha miezi mitatu ni ngapi, usiridhike na cha asubuhi ile pekee. Kama kuna anayevuta sigara ndani ya nyumba, moshi wake nawe unaupata. Na kwa vijana wenu wanaokaa barazani na miraa au muguka hadi usiku wa manane, waambie kwamba kathinoni iliyomo hubana mishipa ya moyo na kupandisha presha. Hilo nimelilia sana kwenye kliniki, maana naletewa wanaume wa miaka 35.

Kuhusu jini, sitagombana na watu wa nyumbani kwako. Anayetaka kukusomea na akusomee, dua haigombani na dawa. Ila asikwambie mtu uache vidonge kwa sababu ya kisomo, na asikwambie mtu kwamba maumivu yanayokuja ukipanda na kupoa ukikaa hayana sababu mwilini. Hiyo ndiyo alama ya moyo tangu William Heberden, daktari wa London, alipoieleza mwaka 1768.

Jambo moja halina mjadala. Siku kifua kikibana hata ukiwa umekaa, kikazidi dakika 15, au kikaja na jasho jembamba, kichefuchefu, au kikapanda shingoni, tayani au mkononi, usingojee kipoe na usijiambie ni ile ile ya siku zote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, wakupime umeme wa moyo na damu ya troponini, protini inayovuja nyama ya moyo ikiumia. Mshtuko wa moyo unaweza kumpata mtu ambaye picha yake ni safi. Kwa jumla kama 6 katika kila 100 ya mishtuko ya moyo hukutwa hivyo. Lamu kuna maji kati yenu na bara, basi mpange mapema nyumbani: nani ataitwa, boti ya nani, mchana na usiku.

Sasa ngazi. Mwanao ana huruma na nampenda kwa hilo, lakini sitaki uhamie chini. Mishipa midogo ni miongoni mwa vitu vinavyofaidika na mwendo: mwili ukitembea kwa utaratibu, damu inayopita kwa kasi huupapasa utando kwa upole na kuuzoesha kutoa amri yake. Kinachokudhuru ni kupanda kwa haraka na mzigo. Ndoo na kapu wapande navyo vijana. Wewe panda mikono mitupu, shika ukuta, na ukifika pale ngazi inapopinda simama hata kama hujachoka, vuta pumzi kumi, kisha endelea. Asubuhi jua halijapanda tembea barabara ya pwani kuelekea Shela, mwanzoni dakika kumi tu za kwenda, na urudi kabla kifua hakijaanza. Kila wiki ongeza kidogo, na siku upepo wa kaskazi unapovuma usoni, punguza.

Na chukua daftari. Andika tarehe, ngazi ya ngapi ilikuanza, ulikuwa umebeba nini, umekula muda gani uliopita, ilipoa baada ya dakika ngapi, na zile za usiku andika saa. Wiki tatu zatosha. Ukirudi kwa daktari, usianze na "nasikia vibaya". Mpe daftari alisome mwenyewe. Kama atakwambia tena ni gesi, muulize gesi gani inayojua kuhesabu ngazi, na umwombe akuandikie barua ya kwenda kwa daktari mwingine wa moyo. Nikipata nakala ya kurasa zako nitazisoma na kukujibu tena hapa.